Kidole Kwenye Mstari: Mwongozo wa Marudio ya Ufahamu na Fasihi kwa Kidato cha Nne

Ikifika Septemba, wanafunzi wa Kidato cha Nne huanza kukimbizana na Hesabu na Fizikia, Kiswahili wakakiweka pembeni. Ukiwauliza wanakujibu, "Mwalimu, Kiswahili si tunakiongea?" Ni kweli wanakiongea, tena vizuri, toka Mbagala mpaka Tegeta. Lakini mtihani wa Novemba haupimi kuongea. Unamwekea mtoto mbele kifungu ambacho hajawahi kukiona na kumtaka aseme kilichomo humo. Halafu unamrudisha kwenye vitabu alivyosoma na kumtaka athibitishe kauli fulani. Kote kuwili wengi huanguka kwa kosa lile lile: wanajibu kutoka kichwani, maandishi yakiwa yamelala mbele yao.

Nafundisha shule ya kutwa upande wa Temeke. Darasa moja lina watoto sabini na kitu, nakala za vitabu vya fasihi hazitoshi, na joto la Oktoba mchana linamlaza hata aliye tayari kusoma. Ninayoyaeleza hapa nayafanya katika hali hiyo hiyo. Yanahitaji wiki sita na vipindi vya dakika arobaini, viwili vikiwa vimeungana kila inapowezekana.

Hatua ya 1: Anza na karatasi zao za moko

Usianze marudio kwa kuandika notisi ubaoni. Warudishie karatasi za mtihani wa moko, yaani ule wa majaribio kabla ya wa taifa, kila mmoja akae na yake, kalamu nyekundu mkononi. Kila alama aliyoipoteza aiandikie herufi moja pembeni. S: sikuelewa swali linataka nini. K: sikurudi kwenye kifungu au kwenye kitabu. E: nilijua, ila sikueleza nikaeleweka. Kazi hii inamaliza kipindi kizima, na hupaswi kuiharakisha.

Kisha hesabuni K za darasa zima mbele ya wote. Mwaka baada ya mwaka nimeona herufi hiyo ikizishinda nyingine, na watoto wenyewe hushtuka. Aliyekuwa akijiona hana akili ya Kiswahili anagundua kwamba hakurudi kusoma. Hapo sasa mna kazi ya kufanya pamoja.

Hatua ya 2: Kifungu kifupi, kipindi kizima

Walimu tuna haraka. Tunatoa kifungu kirefu, tunasahihisha maswali kumi kwa dakika ishirini, tunahamia kingine. Mimi nashauri kinyume chake: kifungu kifupi, mkae nacho mpaka kitoe kila kilichomo. Hiki nimekiandika mwenyewe kwa ajili ya darasa langu, unaruhusiwa kukitumia:

"Zuhura alifika kituoni saa kumi na moja na nusu, giza bado halijaachia. Daladala ya kwanza ilisimama. Konda alichungulia, akaiona sare, akagonga bati, gari likaondoka. Ya pili nayo ikafanya vivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa imejaa pomoni. Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki alimshika mkono akasema, 'Panda, mwanangu. Na mimi ninaye wa kwangu, saa hizi kasimama kituoni kama wewe.' Konda alifungua mdomo, kisha akaufunga. Zuhura alipotoa nauli, konda aliipokea bila kumtazama."

Soma kwa sauti mara moja, taratibu. Mara ya pili kila mtu asome kimya, kidole kikifuata mstari. Nasema kidole chenyewe, hata kwa kijana mwenye ndevu. Mara ya tatu waulize maswali, ila weka sharti: hakuna kujibu kabla kidole hakijatua juu ya maneno yanayobeba jibu. Anayejibu bila kuonyesha mstari, jibu lake halipokelewi hata kama ni sahihi. Siku mbili za kwanza watanung'unika. Wiki ya pili utawaona wanabishana wao kwa wao: "Onyesha, imeandikwa wapi?"

Swali la kwanza ninalowauliza: kwa nini daladala ya kwanza ilimwacha Zuhura? Majibu huja kama mvua. Konda ana roho mbaya. Gari lilikuwa limejaa. Serikali ipunguze shida ya usafiri. Wanafunzi wanalipa nauli pungufu.

Hapa ndipo somo lilipo, kaa hapo. "Gari limejaa" ni la daladala ya tatu. Huyu kachanganya mistari. La serikali halimo kabisa. "Roho mbaya" ni hukumu ya msomaji, haikuandikwa. La nauli pungufu ndilo gumu, kwa sababu kila mtoto wa Dar es Salaam anajua ni kweli. Kakataliwa mwenyewe asubuhi hiyo hiyo. Lakini kifungu hakikusema habari ya kiasi cha nauli. Kimesema konda aliiona sare. Jibu basi ni: konda aliiona sare, akatambua kuwa Zuhura ni mwanafunzi, hakutaka kumchukua. Mwanafunzi anayejua habari ya nauli aitumie kuelewa, asiiweke mahali pa jibu. Kijana mmoja aliwahi kuniambia, "Kwa hiyo nayoyajua mimi yananisaidia kusoma, ila anayejibu ni kifungu." Nilimwomba akaiandike ubaoni.

Swali la pili: kwa nini konda alifungua mdomo kisha akaufunga? Sasa wamekuwa waoga, wanasema haikuandikwa. Wafundishe kwamba liko jibu linalotokana na mistari miwili ikiunganishwa. Mstari mmoja: maneno ya mama. Wa pili: mdomo uliofungwa. Anayeunganisha anapata: alitaka kumkataza, maneno ya mama yakamnyamazisha. Wengine watasema aliona aibu, wakuonyeshe kule "bila kumtazama". Lipokee, maana lina mstari wake. Akitokea wa kusema konda alimwogopa mama kwa sababu ni mkubwa wake, mwulize kidole chake kiko wapi. Atakitafuta, hatakipata, na atakuwa amejifunza bila kudhalilishwa.

Kwa hiyo maswali ya ufahamu wayagawe wenyewe katika mafungu matatu: yenye jibu katika mstari mmoja, yenye jibu katika mistari miwili au zaidi, na yanayotaka maoni yao. Hata ya maoni yanahitaji kuanzia kwenye kifungu. Kila wanaposoma swali, kabla ya kuandika lolote, waseme ni la fungu gani.

Hatua ya 3: Maana ya neno kama lilivyotumika

Maswali ya msamiati huwapotezea alama walio hodari, kwa kuwa wanaandika maana wanayoijua badala ya ile iliyotumika. Dawa yake ni jaribio la kubadilisha. Chukua maana uliyoandika, ipachike mahali pa neno, kisha usome sentensi nzima. "Konda akagonga bati": mtoto akiandika bati ni "kitu cha kuezekea nyumba", mwambie asome, "Konda akagonga kitu cha kuezekea nyumba, gari likaondoka." Darasa litacheka, naye atasahihisha mwenyewe: ubavu wa gari, yaani konda alitoa ishara kwa dereva. Fanya hivyo hivyo kwa "halijaachia" na "pomoni". Kamusi ije baada ya jaribio hilo, isije kabla.

Hatua ya 4: Ufupisho

Mtahini anaposema "kwa maneno yasiyozidi" idadi fulani, anamaanisha hivyo. Waonyeshe namna ya kuhesabu: "na" ni neno, "ya" ni neno. Waandike idadi mwishoni, ndani ya mabano.

Utaratibu wangu ni huu. Wapigie mstari matukio makuu tu, wafunge kifungu, waandike kwa maneno yao bila kuchungulia, kisha wafungue walinganishe. Kufunga kifungu kunazuia kunakili. Kukifungua tena kunazuia kubuni, nako hujitokeza mahali usipopategemea. Angalia ufupisho huu wa mwanafunzi:

"Zuhura aliwahi kituoni, lakini daladala mbili zilimwacha kwa kuwa ni mwanafunzi. Ya tatu alipandishwa na mama mchuuzi wa samaki, na konda akanyamaza."

Ni mzuri, umesimama vizuri. Ila neno moja limeingia kwa mlango wa nyuma: mchuuzi. Kifungu kinasema mama mwenye ndoo ya samaki. Huenda anauza, huenda anapeleka kwenye shughuli. Darasa langu liliwahi kubishana juu ya neno hilo dakika kumi nzima, wengine wakisema mama gani atabeba ndoo ya samaki alfajiri kama hauzi. Niliwaacha wabishane. Ni mara chache utakuta watoto sabini wanagombania neno moja kwa moyo namna ile, na hakuna notisi zinazoweza kuwapa usomaji wa aina hiyo.

Hatua ya 5: Shairi

Wengi wanaliogopa shairi, hivyo wanakimbilia kuhesabu mizani, yaani silabi za kila mshororo, kwa kuwa hesabu haina ubishi. Mwisho wake unapata majibu yanayojua ubeti una mishororo minne lakini hayajui unasema nini. Geuza mpangilio: maana kwanza, hesabu baadaye. Tumia ubeti huu, nao niliutunga kwa ajili yao:

Nimefika kivukoni, jua halijachomoka,
Ngalawa zi baharini, matanga yapepesuka,
Shamba letu li majini, jembe wavu twaushika,
Mola tupe tumaini, tuvune pasi kuchoka.

Waambie waugeuze kuwa maneno ya kawaida, mshororo mmoja mmoja: anayesema yuko wapi, saa ngapi, anaona nini, ni mtu wa kazi gani. Wakifika mshororo wa tatu watakwama: shamba gani liko majini? Usiwajibu. Waulize mkulima anashika nini na huyu anashika nini. Mtoto wa nyuma kabisa atasema, "Kumbe ni mvuvi!" Hapo ndipo utaje jina: hii ni sitiari, bahari imeitwa shamba na wavu umeitwa jembe bila kutumia neno la kulinganisha. Ingekuwa "bahari ni kama shamba" ingekuwa tashibiha. Matanga kupepesuka je? Anayepepesuka ni mtu, mlevi au mgonjwa. Tanga limepewa tendo la mtu, basi ni tashihisi. Jina la tamathali likija baada ya kuiona yenyewe, halisahauliki.

Sasa hesabuni. Waguse mizani kwa vidole vya mkono: ni-me-fi-ka-ki-vu-ko-ni, nane, ju-a-ha-li-ja-cho-mo-ka, nane. Mizani kumi na sita kwa mshororo, kina cha kati "ni", cha mwisho "ka", mishororo minne, hivyo ni tarbia. Kisha waulize: jua huchomoka au huchomoza? Huchomoza. Kwa nini basi limeandikwa hivyo? Wakijibu kwamba kina kililazimisha, wameelewa uhuru wa mtunzi zaidi ya ambavyo ungewaandikia aya nzima.

Kazi ya nyumbani: kila mmoja atunge ubeti wa pili, vina vile vile. Aliyewahi kuhangaika kutafuta neno la mizani mitatu linaloishia na "ka" halipiti tena shairi la mtu kijuujuu.

Hatua ya 6: Riwaya na tamthilia

Hapa naomba tusemezane kwa uwazi, mwalimu mwenzangu. Madesa yameua usomaji. Mtoto ananunua karatasi za dhamira zilizochapwa, anakariri, na kitabu chenyewe hajakifungua. Sisi walimu tumechangia. Mwaka wangu wa tatu kazini niliwasomea darasa zima dhamira za riwaya moja, wao wakiandika neno kwa neno. Katika kusoma kwangu nilimtaja mhusika mmoja mahali pa mwingine. Moko ilipokuja nilisahihisha karatasi baada ya karatasi, zote zina kosa langu. Hakuna hata mmoja aliyeliona, kwa sababu hakuna aliyekuwa amesoma kitabu. Niliumia, na tangu siku hiyo siwasomei dhamira.

Badala yake tunajenga daftari la ushahidi. Gawa darasa katika makundi ya watu sita sita, kila kundi nakala moja ya kitabu, na sura zao. Ukurasa wa daftari una safu nne: tukio, nani kahusika, ukurasa, na linaonyesha nini. Safu ya nne ijazwe mwisho. Wakianza nayo watatafuta dhamira waliyoisikia kwa watu, na watailazimisha itokee. Wakianza na tukio, dhamira itajitokeza yenyewe. Kila wiki makundi yanabadilishana madaftari na kukaguana kurasa. Nakala zikiwa chache kabisa, wapange Jumamosi wachache wachache wakasome Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Wapo wanafunzi wanaoishi dakika ishirini kutoka hapo na hawajawahi kuingia.

Istilahi za maudhui zinawachanganya, na maelezo ya vitabuni hayawasaidii sana. Nawarudisha kwa Zuhura. Dhamira ni jambo linalozungumziwa: unyanyasaji wa wanafunzi katika usafiri, au utu kati ya watu wasiojuana. Mgogoro ni mvutano uliopo: Zuhura na makonda, na pia konda na nafsi yake pale anapofunga mdomo. Ujumbe ni funzo tunaloondoka nalo, na huandikwa kama sentensi kamili: mtu mmoja akimsimamia mnyonge, mwonevu hurudi nyuma. Mwanafunzi akiandika neno moja, "usafiri", na kuliita ujumbe, mwombe alitamke kama anamwambia mdogo wake. Litageuka sentensi lenyewe.

Katika insha ya fasihi, kila hoja iwe na mambo matatu: kauli ya hoja, tukio lenye mhusika kutoka kitabuni, na maelezo ya jinsi tukio hilo linavyothibitisha kauli ya swali. La tatu ndilo linalokosekana. Mtoto anasimulia tukio kwa ukurasa mzima, tamu kweli, halafu anahamia hoja nyingine bila kulifunga. Wazoeze kuanza sentensi ya mwisho ya kila aya kwa "Tukio hili linathibitisha kwamba..." mpaka mkono uzoee. Baadaye wataacha maneno hayo, lakini kufunga hoja hawataacha.

Na neno la kuamuru katika swali walizungushie duara. "Taja" haitaki aya. "Fafanua" inataka maelezo na mifano. "Jadili" inaruhusu kukubali kwa kiasi na kupinga kwa kiasi. "Thibitisha" inataka ushahidi wa kuunga mkono kauli, hivyo usipoteze muda kuipinga.

Hatua ya 7: Fasihi simulizi

Hii haihitaji muda mrefu, mradi isiwe orodha ya tanzu na vipera tu. Wape siku mbili wakusanye mifano: jina la kanga ya mama, kitendawili cha bibi, misimu ya kituoni kama suka na deiwaka, wimbo wa kubembeleza mtoto. Warudi darasani, kila mfano uwekwe kwenye utanzu wake: hadithi, semi, ushairi au sanaa za maonyesho. Wasioafikiana wajitetee. Mtoto anayejua kwamba maneno ya kanga ya mama yake ni semi hatayasahau mtihanini.

Hatua ya 8: Wasahihishe wenyewe

Huwezi kusahihisha insha sabini kila wiki ukabaki na nguvu za kufundisha. Sahihisha kumi na nne kwa makini, mstari kwa mstari, na uzungushe majina ili ndani ya wiki sita kila mtoto apate zamu yake. Zilizobaki wabadilishane. Wape kigezo kimoja tu kwa siku: leo tunatafuta hoja isiyo na tukio, kesho tukio lisilofungwa. Vigezo vitano kwa mara moja vitawachosha, wataishia kuhesabu makosa ya tahajia. Kuwe na sharti pia: kila karatasi iandikwe kwanza jambo moja ambalo mwenzake kalifanya vizuri, tena kwa kutaja mstari. Mtoto ambaye hajawahi kusifiwa katika Kiswahili hukaa na karatasi hiyo muda mrefu.

Wiki ya mwisho

Acha mambo mapya. Fanyeni mtihani mmoja wa miaka iliyopita kwa muda kamili, saa tatu, asubuhi. Wagawe dakika kabla hawajaanza, na wajue kwamba ufahamu unawapa alama ambazo hazihitaji kukumbuka lolote, hivyo wasiuache wa mwisho wakiwa wamechoka. Wasome maswali ya ufahamu kwanza, halafu kifungu, halafu maswali tena. Baada ya hapo rudieni zile herufi S, K na E. Wahesabu K zao wenyewe, walinganishe na za Septemba.

Siku moja kabla ya mtihani nawaita wanaoishi mbali, wa Chanika, wa Kongowe, wa Gongo la Mboto. Naandika majina yao na vituo wanavyopandia, tunapanga nani atakutana na nani na saa ngapi, ili asisimame mtu peke yake. Kisha nawapigia wazazi. Ninachowaomba ni kitu kimoja: kesho asubuhi mkubwa mmoja asimame nao kituoni mpaka wapande.